Sifuri Niliyompa Kaka Yako

Solange mama,

Umekwenda sokoni Birere kutafuta sanduku la safari, nami nimebaki na meza hii yenye mguu mfupi. Mama yako yuko nyuma ya nyumba anakaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukufungia. Habari za blanketi kwa ajili ya baridi ya Butembo, za kutolala na makaa chumbani, za kutomkopesha mtu simu njiani, hizo ameshakuambia na ataendelea kukuambia mpaka basi liwashe moto. Sitazirudia. Nina jambo moja tu, na nimelikalia muda mrefu kuliko inavyofaa.

Jumapili iliyopita, wageni walipokuja kukupongeza kwa kupata kazi ya kufundisha chuoni Butembo, mchungaji alikuuliza kwa utani, "Sasa mama assistante, banafunzi ya kule batakuona namna gani?" Nawe ukamjibu huku unagawa soda, "Miye nitakuwa kama papa. Kwangu hakuna mutu atapita bure." Watu wakacheka na kupiga makofi. Mimi pia nilicheka. Kisha nikasogeza sahani pembeni, na mama yako akadhani ni tumbo. Halikuwa tumbo. Ulikuwa umenisifu mbele za watu kwa kitu kilichonipotezea mtoto, na ulikuwa unasema utakwenda kukifanya tena, kwa watoto wa wengine.

Ndiyo maana naandika. Kwa mdomo ningeanza vizuri, halafu ningejitetea. Najijua.

Mimi nilianza kufundisha nikiwa na umri kama wako. Profesa wetu alikuwa anatoka Kinshasa kwa ndege, anakaa siku nane, anamwaga somo zima la hisabati ya mwaka wa kwanza, kisha anarudi kwake. Siku aliyonipokea alinipa kipande cha chaki na syllabus yake, kijitabu cha somo zima, akasema, "Mazoezi ni yako." Hayo ndiyo mafunzo yote niliyopata maishani mwangu ya namna ya kufundisha mtu. Anayejifunza ufundi wa pikipiki pale Birere humshikia bwana wake spana miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kugusa breki ya mteja. Mimi nilikabidhiwa vijana mia mbili kwa asubuhi moja.

Basi nikamwiga. Sikuwa na mwingine wa kumwiga. Nikaiga jinsi alivyoandika ubao mzima akiwa amewapa wanafunzi mgongo. Nikaiga swali lake, "Munaelewa?", alilokuwa akilitupa bila kusubiri jibu. Nadhani niliiga hata kikohozi chake, maana mama yako aliwahi kunipeleka hospitali kwa ajili yake na hawakuona ugonjwa. Zaidi ya yote nikaiga fahari yake. Alikuwa akisema somo ambalo wote wanafaulu si somo. Nami, kila mwaka walipoanguka wengi kwangu, nilijiona mtu mzito. Wanafunzi walinipa jina la Barrière, kama zile za barabarani ambazo hupiti mpaka uache kitu. Nililijua jina hilo na nililipenda. Niliwahi kuwasimulia hapa mezani, wewe na kaka yako Faustin, mkacheka mpaka chai ikawapalia.

Kisha Faustin akaingia mwaka wa kwanza, kwenye chuo changu, kwenye somo langu.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili, kwa hiyo unakumbuka ya nje, ya ndani huyajui. Nilikuwa na hofu na wenzangu. Mwalimu mwenye mtoto darasani anatazamwa kama mtunza chakula cha msiba: kila mtu anahesabu anampa nani nini. Nikaamua kwamba hakuna atakayesema nimempendelea mwanangu, na njia niliyoiona ya kuthibitisha hilo ni kumkazia yeye kuliko wengine. Jioni moja alinijia hapa na daftari akasema, "Papa, hii dérivée, ni kitu gani kwa kweli? Si kuihesabu. Ni nini?" Nikamwambia aje aniulize darasani kama wenzake. Darasani hakuuliza, kwa kuwa darasani mwangu hakuna aliyewahi kuuliza. Nakumbuka alisimama kidogo akilifunga daftari polepole. Lilikuwa swali zuri. Leo mwanafunzi akiniuliza vile ningemkumbatia.

Mtihani wa kwanza akaanguka. Ikabaki session ya pili, ile ya mwisho ya mwaka. Swali la nne lilikuwa hili: mfugaji ana mita arobaini za waya. Anataka kuzungushia zizi la ndama, upande mmoja ukiegemea ukuta uliopo, kwa hiyo waya utapita pande tatu tu. Aupime vipi ili zizi liwe kubwa kabisa? Nililitunga mwenyewe, nikijua wote watatumia dérivée, kanuni ya kupima kasi ya mabadiliko, waifanye iwe sawa na sifuri, wapate jibu. Faustin hakuitumia. Alichora zizi. Akajaribu upana wa mita nane, akapata eneo la mia moja tisini na mbili. Akajaribu tisa, mia moja tisini na nane. Kumi, mia mbili. Kumi na moja, mia moja tisini na nane tena. Kumi na mbili, mia moja tisini na mbili tena. Chini akaandika kwa Kifaransa chake cha mkono mdogo kwamba eneo linashuka sawasawa kila upande, kwa hiyo kilele ni pale katikati: upana mita kumi, urefu mita ishirini.

Jibu lilikuwa sahihi. Nilichukua kalamu nyekundu nikapiga mstari kutoka kona hadi kona ya ukurasa, nikaandika, "Hii si hisabati." Nikampa sifuri. Swali lilikuwa na alama tano. Alikosa tatu apite.

Sasa nikuambie habari ya siku ya proclamation, siku ya kutangaza matokeo, kwa sababu hapo kuna kosa lingine, na sijui lipi ni kubwa.

Mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa jury, kamati ya mitihani. Majina tuliyafunga jana yake. Asubuhi mama yako aliniuliza, nikifunga tai, "Papa Faustin, ninunue pudri?" Unajua kwetu ilivyo: jina lako likisomwa kati ya waliopita, watu wako wanakumwagia pudri ya watoto mpaka uso unakuwa mweupe, na mnatembea barabarani mkiimba, na hata askari anawapisha. Ningeweza kusema, "Usinunue." Neno moja. Ningeweza kumwita Faustin kando, nikamwambia mwenyewe, baba na mtoto, kabla ya watu kujua. Nilisema, "Mambo ya jury ni siri." Mama yako akatabasamu. Alidhani naficha furaha. Akanunua kopo kubwa.

Nilisoma majina. Nilipofika kwa walioanguka nilisoma jina la mwanangu kwa sauti ileile niliyosomea wengine, na nilijisikia vizuri kwamba sauti haikutetemeka. Nakuandikia hilo kwa aibu. Wewe ulikuwa umesimama juu ya benchi, mkono mmoja umeshauingiza kwenye kopo. Faustin hakunitazama mimi. Alimtazama mama yake. Alikuja akakutoa mkono, akalifunga lile kopo vizuri, akalirudisha mikononi mwako, akatoka kwa mlango wa pembeni na shati lake jipya. Hakupiga kelele wala kulia. Kutoka pale alipanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka kituo cha mabasi, na jioni mjomba wenu wa Kalengera, kwenye njia ya Butembo, akapiga simu kusema mtoto yuko kwake.

Wazee wetu wa Masisi, watu wa ng'ombe, wanajua ile methali kwamba ng'ombe akivunjika mguu malishoni hukimbilia zizini kusaidiwa. Wetu alivunjikia mguu zizini, sasa angekimbilia wapi?

Miaka kumi na moja. Yuko kule, ananunua maharagi na kabichi kwa wakulima na kuyaleta Goma, watu wanasema ana mkono mzuri wa biashara. Gari lake linafika mjini kila wiki na halijawahi kuwasha taa mbele ya nyumba hii. Alikuja kumzika bibi yenu, akanipa mkono kama mtu anayempa mkono mgeni. Jumapili anampigia mama yako, na nikitokea kushika simu mimi, anasema, "Jambo papa. Mama iko?" Sauti ni ya heshima kabisa. Hakuna pa kumlaumu.

Nina hamu naye, Solange. Nilitaka niandike neno lingine la kiume zaidi nikalikosa. Nina hamu na jinsi alivyokuwa akiula ugali kuanzia pembeni, akiacha katikati kama kisiwa. Nina hamu na mluzi wake wakati wa kupiga viatu rangi. Kwenye soko la Virunga nikisikia kijana anamwita mtu "papa" kwa sauti nzito kidogo, nageuka, mpaka leo. Na kesho nawe unaondoka. Nyumba itabaki na watu wawili na redio, na mmoja kati ya hao wawili ana kitu ambacho hajawahi kumwambia mwenzake.

Maana kuhusu sifuri ile, kwa miaka tisa, niliamini nilikuwa na haki. Karatasi yenyewe niliitunza kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Mama yako akidhani ni vyeti. Niliitunza ili siku Faustin akija kudai, nimwoneshe kwamba njia haikuwa ile niliyofundisha. Fikiria baba anayeweka ushahidi dhidi ya mtoto wake chini ya kitanda.

Miaka miwili iliyopita chuo kilitutaka sote tunaofundisha hisabati ya mwaka wa kwanza tuhudhurie mafunzo ya walimu, wiki moja ya likizo. Ulikuwa Kisangani masomoni. Nilinung'unika nyumba nzima ikajua. Mimi, mwenye mvi, nikafundishwe kufundisha? Nilikwenda kwa sababu kulikuwa na karatasi ya kusaini na mkuu wa idara alikuwa ameketi karibu nayo. Aliyetuongoza alikuwa mwanamke mfupi kutoka Bukavu, tulimwita Mama Chantal, kwa umri wake angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Hakutuhutubia. Alisema kila mtu afundishe dakika kumi na tano, wengine tukae kama wanafunzi, na mmoja akae nyuma aandike tu anachokiona.

Zamu yangu alikaa nyuma yeye mwenyewe. Nilifundisha kama ninavyofundisha, ubao ukajaa, nikapangusa mikono. Akaniambia kwa upole, "Papa, uliuliza 'Munaelewa?' mara kumi na moja. Nilikuwa nahesabu. Hakuna hata mutu moja alijibu."

"Waliitikia kwa kichwa," nikasema.

"Ulibaona namna gani? Ulikuwa unaangalia ubao."

Wenzangu walicheka. Nilikasirika mpaka sikunywa soda yao. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako kwamba siku hizi wanatuletea watoto. Lakini kesho yake nilirudi, sijui kwa nini. Labda kwa sababu ile hesabu ya kumi na moja nilikuwa nimeirudia kichwani njia nzima na sikuona kosa ndani yake.

Siku ya tatu alituomba tulete karatasi ya mtihani ya mwanafunzi aliyeanguka, yeyote, na penseli badala ya kalamu nyekundu. Kazi ilikuwa kutafuta kitu kimoja tu: mwanafunzi huyu anajua nini? Tusitafute alichokosa, hicho tunakijua kutafuta. Wenzangu walileta karatasi za juzi. Mimi sikuwa na za juzi, tulikuwa tumezikabidhi. Nilivuta sanduku la bati. Nikakunja sehemu yenye jina, nikaenda.

Aliisoma ile ya zizi muda mrefu. Alifuatisha zile namba kwa kidole. Kisha akasema, "Uyu mutoto anajua maximum ni kitu gani. Banafunzi wengi banaandika formule tu, habajue banatafuta nini. Uyu alikuwa anaiona. Kama ungemupa dérivée kuanzia hapa, angeielewa siku moja. Alipata ngapi?"

"Sifuri."

Hakushtuka wala kunilaumu. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza njia, "Ju ya nini?"

Nilikuwa na jibu la miaka tisa, nimelisuka vizuri. Nilimwambia nakwenda nje kidogo. Nilikaa kwenye ukuta wa mawe ya uani, nikaifungua karatasi, nikaona jina lake pale juu, na ule mwandiko mdogo. Alikuwa ameniuliza dérivée ni nini. Nilipokataa kumjibu, alikwenda akaanza kuitafuta peke yake, kwa zizi na ndama aliokuwa akiwalisha kwa babu yake kila likizo, na alikuwa amefika karibu kabisa. Nikampiga mstari mwekundu. Nililia pale, mama, mtu mzima mwenye tai.

Nisikudanganye kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Muhula uliofuata nilijaribu niliyofundishwa na nikaaibika vizuri. Nilisema wazungumze wawili wawili kwa Kiswahili kabla ya kuandika, ukumbi ukawa kelele kama mnada. Mwenzangu mmoja akapita mlangoni akasema, "Muzee, umekuwa mwalimu wa maternelle?", wa watoto wa chekechea. Somo nililolimaliza kila mwaka halikumalizika. Wanafunzi wengine walikwenda kulalamika kwamba siwaandikishi vya kutosha, na sikuwalaumu, maana hata wao walikuwa wamezoea kupewa mgongo.

Lakini asubuhi moja niliuliza swali, nikanyamaza. Kunyamaza ni kugumu kuliko kufundisha, utaona. Jasho linateremka, unatamani kujibu mwenyewe. Nilishika mikono yangu nyuma. Binti mmoja wa benchi la mwisho akasema, sauti ndogo, "Papa, miye sijue x iko nini. Tangu secondaire. Naandikaka tu." Nikauliza ni nani mwingine. Mikono ikainuka nusu ya ukumbi. Miaka yote ile nilikuwa najenga ghorofa juu ya msingi ambao haupo, halafu nawaadhibu kwa kuanguka kwake. Siku hiyo hatukufungua syllabus. Tulizungumza juu ya x kwa saa mbili, kwa mfano wa bei ya mafuta ya mawese, na mara ya kwanza katika kazi yangu niliwajua wanafunzi wangu wanafikiri nini. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwaza ni wangapi walikuwa nyuma ya yule binti, miaka yote ile, wakiandika tu.

Bado wanaanguka baadhi. Hisabati haikuwa laini kwa sababu mimi nimelainika. Ila siku hizi mtu akianguka kwangu namwita kabla ya orodha kubandikwa, na naweza kumwambia ameangukia wapi na anajua nini. Na sipendi tena kuwa Barrière.

Kule unakokwenda watakupa chaki na syllabus, Solange. Hakuna atakayekuuliza kama unajua kufundisha. Watakuuliza kama umemaliza. Utasimama mbele ya watu mia tatu na utaogopa, na hofu yako itakutafutia mtu wa kumwiga, na wa karibu ni mimi. Yule wa zamani, anayesimuliwa mezani. Nakuomba usimchukue. Tafuta mwenzako mmoja, hata asiwe wa hisabati, aje akae nyuma ya darasa lako na kuandika anachokiona, nawe ukakae nyuma ya lake. Itauma. Mama Chantal ameniambia likizo ijayo watakuwa Butembo na mafunzo yao; nenda ukiwa bado huna mvi, haiumi sana. Sitakueleza zaidi ya hapo. Wewe una akili kuliko mimi, na nilikuwa naogopa hilo pia wakati fulani, lakini hilo ni la barua nyingine.

Sasa la mwisho. Nilipoanza kuandika, mpango wangu ulikuwa huu: kuiweka karatasi ya Faustin ndani ya bahasha hii, na kukuomba, basi litakaposimama Kalengera watu wanunue mahindi, umtafute kaka yako umpe. Dakika kumi zinatosha, niliwaza. Nilikuwa nimeshaanza kuandika sentensi yenyewe, utaiona hapo chini imekatwa.

~~Ukifika Kalengera umwambie kaka yako kwamba papa~~

Niliposoma maneno hayo niliona nilikuwa nafanya nini. Nilikuwa namtuma mtoto mwingine akasome matokeo kwa niaba yangu.

Nikaweka kalamu. Nikaenda nyuma kwa mama yako, nikasimama karibu na karai la mafuta, nikamwambia yote: alama tatu, karatasi, sanduku la bati, siku ya tatu ya mafunzo, miaka miwili ya kunyamaza baada yake. Hakuacha kugeuza sambaza. Aliwatoa wote kwenye mafuta, akawachuja, akawafunika. Ndipo akasema, bila kunitazama:

"Miaka kumi na moja naombea Faustin kwa Mungu amupe akili. Kila Jumatano, kwa chumba ya maombi. Kumbe ningeombea nani?"

"Mimi," nikasema.

"Na miaka mbili ulijua."

"Nilijua."

"Ulikuwa unangoja nini, Papa Faustin?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nilikuwa nangoja niache kuona aibu. Akasema aibu haiishaka kwa kungojewa. Kisha akafuta mikono kwenye kitenge akaniambia, kwa sauti ya kuagiza chumvi, "Nenda ukate tikiti. Kesho utapanda na mutoto. Utashuka Kalengera. Karatasi utaibeba mwenyewe."

Nimekwenda, nimerudi, tikiti ninayo hapa chini ya kikombe. Kwa hiyo kesho tutakaa siti moja mpaka Kalengera, na barua hii nitakupa nikishuka. Wewe usishuke. Usinisemee. Kama atanigeuzia mgongo, ni haki yake, na utaendelea na safari yako bila kumchukia yeye wala kunihurumia mimi kupita kiasi. Sijui nitaanza na neno gani. Nimefundisha miaka thelathini na sijui nitaanza na neno gani.

Mama yako hajaniambia kingine tangu hapo. Sasa hivi amepita na lile begi langu dogo la kazi. Ameweka mswaki, ameweka shati moja. Amesimama kidogo mlangoni, kisha amerudi kabatini akaongeza shati la pili, endapo Faustin ataniambia nilale.

Nakupenda, mama. Nenda ukafundishe watu.

Papa yako